Posa ya Mama Katika Bustani ya Airisi

Mama aliniambia anataka kuolewa tukiwa katikati ya daraja la mbao, mvua nyepesi ikitudondokea na maua ya zambarau yakitufika magotini pande zote mbili.

"Masuda, Aboud ameniposa. Nami nimekubali."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba apishwe njia. Nyuma yetu wazee wa Kijapani walisimama na kamera zao, wakisubiri tusogee. Daraja lilikuwa jembamba, halina pa kugeukia. Nikasogea.

Ulikuwa mwezi wa Juni, miaka miwili iliyopita. Dubai tuliiacha ikiwaka, lami inanata viatuni. Baba yangu, Mzee Zahor, alikuwa na miaka minne tangu atutoke, na muda wote huo mama alikuwa akiishi nami huko Dubai, mtaa wa Rashidiya, mwanamke wa miaka sitini na sita aliyepunguza maneno mpaka yakabaki yale ya lazima. Asubuhi nikienda kazini kwenye duka la dawa, nilimwacha kitini karibu na dirisha. Jioni nikirudi, namkuta papo hapo. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu picha ya bustani ya maua katika mji mmoja wa Japani: airisi zimepandwa mistari kwa mistari ndani ya maji ya kina kifupi, mfano wa mpunga. Akaishika simu muda mrefu.

"Haya yanatoka kwenye tope?" akauliza.

Kwa miezi hakuwa ameniuliza swali lolote lisilohusu chakula. Kesho yake nikaomba likizo.

Ami Aboud nilimjua tangu mdogo. Alitoka Pemba kijana, akafanya kazi ya kupanda maua kwenye vipilefti vya barabara za Dubai kwa miaka thelathini, akastaafu, akafiwa na mkewe, akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Al Jaddaf. Alikuwa rafiki wa baba. Kila Ijumaa baada ya sala alipita kutujulia hali, amebeba mche wa mrehani ndani ya kopo la maziwa. Mimi nilidhani anakuja kwa heshima ya marehemu.

"Mnazungumza saa ngapi?" nilimuuliza mama tulipofika mwisho wa daraja.

"Ukiwa kazini. Kwa simu."

"Miye nakuacha dirishani umejiinamia."

"Pale ndipo simu inaposhika vizuri."

Alisema bila mzaha. Miaka minne nilikuwa nikikionea huruma kiti kile.

"Na baba je?" nikasema. Nilijua ni neno baya hata kabla halijanitoka.

Mama akauhamishia mwavuli mkono wa pili. "Baba yako nimemlilia mpaka nikamaliza. Hukuniona kwa sababu nawe ulikuwa unalia."

"Na Waleed? Kaka atasema nini?"

"Waleed nimeshamwambia. Kacheka, kanipa baraka zake."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho kujua."

"Wewe ndiye niliyekuogopa," akasema.

Nikamwacha pale, nikaenda kukaa kwenye kibanda cha mapumziko upande wa pili wa maji. Nilijiambia nina hasira kwa ajili ya baba. Haikuwa kweli, na nilipokaa kidogo nikajua. Nilikuwa nafikiria jioni, ninapoegesha gari na kuinua macho ghorofa ya tatu kuona taa inawaka. Nina miaka arubaini na moja, sikuolewa, na nilikuwa nimeshajipangia kwamba sisi wawili tutazeeka hivyo, mimi nikimtunza, yeye akinishukuru.

Bustanini walikuwemo wanawake watatu wenye kofia pana za majani, wamevaa buti ndefu, wanakata maua yaliyokwisha kunyauka na kuyatia kwenye vikapu. Mmoja wao, bibi wa rika la mama, alikuwa karibu naye. Nikamwona mama anamwita kwa mkono, anaonyesha ua moja, anauliza jambo kwa vidole. Bibi yule akamvutia shina karibu. Chini ya ua lililonyauka kulikuwa na kichipukizi kingine, kimefumbata, chembamba kama kalamu. Mama akainama kukitazama. Kisha yule bibi akasema kitu, mama naye akamjibu kwa Kiswahili, na wote wawili wakacheka.

Mabega yake yalitikisika. Nilikuwa nimesahau kwamba mama anacheka kwa mabega.

Akapokea kikapu bila kuombwa, akakishika kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akainua pindo la buibui lisiguse tope, wakaenda pamoja mstari mzima, mmoja anakata, mwingine anapokea. Niliwatazama mpaka walipofika mwisho. Kisha nikainuka nikawafuata.

"Ami Aboud anajua kupika?" nikamuuliza mama nilipomfikia.

Hakugeuka. "Chai."

"Chai tu?"

"Na maandazi. Lakini magumu."

"Basi utateseka, mama."

"Nitamfundisha," akasema. Akanipa kikapu nimshikie, apate kufuta miwani.

Tulipoagana, yule bibi aliinama. Mama naye akainama, chini zaidi. Bibi akainama tena. Wakaendelea hivyo, hakuna aliyejua amalize vipi, mpaka nikamshika mama mkono nikamwondoa.

Ndoa ilifungwa mwezi wa Agosti sebuleni kwetu, na wiki ile ile mama akahamia Al Jaddaf. Siku za mwanzo nilikuwa nikipika chakula kingi kuliko ninachoweza kula.

Ijumaa ya kwanza walikuja pamoja. Mama aligonga kengele ilhali ufunguo anao, akasimama mlangoni na mkoba wake kama mgeni, akingoja kukaribishwa. Nilipomkaribisha akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi. Ami Aboud alinitazama kwa haya. Nikamwambia amwache.

Tulikula mpaka alasiri. Kisha mama akauchukua mkoba wake, akasema, "Haya, sisi twende."

Neno hilo la "sisi" nilikuwa nimejiandaa liniume, lakini halikuniuma. Nikawafungia biriani iliyobaki, nikawasindikiza mpaka kwenye lifti.