Ungamo la Profesa Tan

Profesa Tan Boyuan alikuwa ameapa jambo moja: wampige wapendavyo, uongo hautamtoka kinywani. Wanafunzi wanamapinduzi walimtaka akiri kwamba chuo cha ng'ambo alikosomea siasa kilimrudisha China awe jasusi. Jasusi! Mtu aliyeacha kazi nono kule, akapanda meli na masanduku ya vitabu kwa sababu nchi yake haikuwa na walimu! Lakini kiangazi kile cha 1966 nani alikuwa na masikio? Na kukiri kulimaanisha kifungo cha mbali, kule jangwani.

Vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi walimvika kofia ndefu ya karatasi ya kumwaibisha, wakamkokota hadi mlango wa ukumbi. Pale mbele alisimama Ruan Peiqi, kiranja wa darasa lake. Babu yake Peiqi aliwahi kumiliki mashamba, doa kubwa siku zile, kwa hiyo kijana alipewa kazi ya kuanzisha kelele za kumlaani mwalimu, ili ajisafishe. Akiteleza, naye atapandishwa jukwaani.

"We kiranja, unangoja nini?" alifoka mwenyekiti wa mkutano, msichana wa mwaka wa pili. "Au unamwonea huruma mzee wako?"

Peiqi akamwona Tan mlangoni, akafumbua kinywa. Tangu aingie chuoni, kila Tan alipotokea mlangoni, yeye kiranja alikuwa na neno moja tu la kutamka, na ndilo lililomponyoka.

"Simameni!"

Ukumbi mzima ukasimama. Viti vilikwaruza sakafu, vichwa vikainama. "Shikamoo, Mwalimu!"

Kisha wakatazamana. Rangi ilimtoka Peiqi.

"Mjukuu wa kabaila wee!" Mwenyekiti alimkwida kola. "Mpandisheni!"

Tan alitaka kulia kwa furaha, lakini papo hapo akamhofia Peiqi. Watamuua mtoto wa watu.

"Mwacheni!" alisema kwa sauti ile ya darasani. "Nimemzoesha mimi, kama anavyozoeshwa mbwa. Nilitumwa niwaharibu akili. Ndiyo, mimi ni jasusi. Andikeni."

Mwenyekiti akaiachia kola. Alichokitafuta wiki nzima alikuwa amekipata.

"Mwalimu, si kweli!" Peiqi alilia.

"Funga mdomo. Nitukane kama wenzako."

Peiqi akainua ngumi, machozi yakimtiririka. "Jasusi!" Sauti ilimkatika katikati.

Tan akainamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo mtoto arudie, safari hii kwa nguvu.