Tangazo la Tatu

Siku hizi Mwanza kijana akikohoa vizuri mbele ya kipaza sauti, kesho yake ni msanii. Luhende wa Igoma alikuwa na sauti kweli, hilo tusimwonee, na bado hakujulikana. Aliimba mapenzi, akatazamwa na watu mia tatu na kumi na wawili. Akajiita Don Sangara, akajirekodi amevaa sangara mzima shingoni kama skafu, akaambulia upele. Na katika wale mia tatu na kumi na wawili, Kokulinda mchumba wake alikuwa peke yake kama mia mbili, maana kila wateja walipoadimika pale duka la dawa Kirumba, aliufungulia wimbo upya ili namba zipande.

Alimpenda. Walijuana kwaya, Luhende akiimba amefumba macho, hakuna simu ya mtu iliyomwelekea, na Kokulinda akimtazama mpaka anasahau zamu ya sauti yake. Sasa posa ilishapokelewa. Mzee Kashaija, baba yake, mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu Butimba, alisharidhika baada ya kumhoji kijana kama anamsahihishia mtihani. Na parokiani matangazo ya ndoa yalishaanza. Utaratibu unajulikana: Jumapili tatu mfululizo majina ya wachumba yanasomwa mbele ya waumini, na mwenye kujua kizuizi anakwenda kumweleza paroko. Tangazo la kwanza lilipita kwa vigelegele.

Jumatatu yake Luhende aliingia dukani anahema.

"Koku, nimegundua tatizo langu. Watu hawataki wimbo. Wanataka kisa."

"Kisa gani?"

"Umeniacha."

Kokulinda akacheka. Luhende hakucheka.

"Ni kiki tu ya kupata jina, wiki mbili. Umeniacha, umechukuliwa na tajiri wa samaki pale Mwaloni, mimi nalia. Tangazo la tatu likisomwa tunatokea pamoja, tumerudiana, mji mzima unapagawa."

"Na baba je?"

"Mzee anaangalia taarifa ya habari tu. Atajulia wapi?"

Msichana mwenye akili zake timamu, anayewasomea watu wazima namna ya kumeza dawa, akakubali. Akavaa gauni jekundu, akasimama kando ya lori la barafu lililoegeshwa karibu na soko la samaki, akaegemea bega la mwanamume mnene mwenye koti la ngozi aliyeipa kamera mgongo. Tajiri huyo alikuwa Ngosha, rafiki na mpiga picha wa Luhende. Koti aliazima, na katika maisha yake hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Wimbo ulitoka Alhamisi pamoja na picha hiyo. Uliitwa "Mapanki". Kanda ya ziwa nani asiyeyajua mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishapakiwa kwenda kwa wenye nazo? Kiitikio kilikuwa kifupi, hata mlevi angekishika: *Minofu kala tajiri, mimi kaniachia mapanki.* Kufika Jumamosi kilikuwa kinaimbwa na bodaboda, wasusi, watoto wa chekechea na mganga mmoja wa Igoma aliyekitumia kutangaza dawa ya kurudisha wapenzi. Watazamaji walivuka laki tatu. Luhende alilia mbele ya simu mara nne kwa siku, na machozi yakigoma alinusa kitunguu.

Dukani Kokulinda alipata wateja wasioumwa. Walinunua panadoli mbili, wakaomba picha. Kisha wakaja wake wa matajiri, mmoja mmoja, kila mmoja akitaka kujua kama huyo wa kwenye picha ni mume wake. Matajiri wenye lori pale Mwaloni walikuwa wengi kuliko alivyodhani, na hakuna mke hata mmoja aliyesema kwamba mume wake hawezi.

Picha ile ikamfikia na Mzee Kashaija, kupitia kundi la wakufunzi wastaafu ambalo kwa kawaida hutumiana dua na tiba za presha. Akaiweka simu mezani.

"Huyu ni nani?"

"Tata, ni maigizo. Luhende mwenyewe anajua."

"Nimesimamia mitihani miaka thelathini na minne. Mwanafunzi akikamatwa na karatasi, haniambii ni maigizo."

Tangu mama yake afariki walikuwa wawili tu nyumbani, wakila pamoja. Sasa mzee alikula chumbani. Kokulinda akimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku anatazama redio. Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya mtandaoni, maana mtandaoni walimtukana watu asiowajua.

Tangazo la pili lilisomwa kanisa likinong'ona, na baada ya misa watu watatu walikwenda ofisini kuweka pingamizi. Mmoja alibeba spika. Paroko, mzee wa watu, aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama mapanki hayo ndiyo kizuizi chenyewe au kuna kingine. Jumanne akawaita wachumba, akaelezwa ukweli wote, akavua miwani.

"Luhende, mwanangu. Jumapili, kabla ya tangazo la tatu, utasimama mbele ya waumini uwaambie ulichoniambia hapa. Bila hivyo sisomi."

"Nitasimama, Baba Paroko."

Kokulinda alitoka pale mwepesi. Baba yake angekuwa benchi la pili, angesikia kwa masikio yake. Walipofika getini Luhende akasimama.

"Wimbo utakufa, Koku."

"Ufe."

Luhende alishatoa simu. Alikuwa anaangalia namba.

Jumapili Luhende alikuja na suti nyeupe. Ngosha akaja na simu, kijiti cha kuisimamishia na taa ya duara, akasema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Muda ulipofika Luhende akashika kipaza sauti na kufumba macho, vilevile kama zamani za kwaya, na moyo wa Kokulinda ukalainika. Huyu ndiye wangu, aliwaza. Amerudi.

"Ndugu zangu," Luhende alianza. "Mmesikia yaliyonipata. Nimelia. Nimefunga na kuomba. Na jana Roho aliniambia: Luhende, samehe." Akapiga magoti kuelekea benchi la Kokulinda, upande wenye taa. "Koku wangu, ulinikosea. Lakini leo, mbele ya kanisa, nimekusamehe."

Na akaimba! Wimbo mpya, una beti na kiitikio, na mpiga kinanda, ambaye hakuambiwa kitu, akautafutia ufunguo na kuupata. Vigelegele vikapasua bati. Wamama walilia. Mmoja aliyekaa kando ya Kokulinda akambana mkono. "Mshukuru Mungu, mwanangu. Mwingine angekukata panga."

Kokulinda akamtafuta baba yake. Mzee Kashaija alikuwa anatikisa kichwa taratibu, machozi yanamtoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa aibu kubwa. Lakini alikuwa akimtazama Luhende. Binti yake hakumtazama.

Paroko alikunja uso, akainua mkono, lakini nani angemsikia? Katekista Yakobo aliyachukua makofi yale kuwa ndiyo ruhusa, akafungua daftari.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Luhende wa kigango cha Igoma anatarajia kufunga ndoa na Kokulinda Kashaija. Yeyote anayefahamu kizuizi chochote atoe taarifa kwa paroko."

"Ninakifahamu mimi," alisema Kokulinda. Alikuwa ameshasimama.

Katekista akachanganyikiwa. "Dada, taarifa zinatolewa ofisini."

"Wimbo haukupigwa ofisini." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Hakuna tajiri. Yule wa kwenye picha ni Ngosha, huyo hapo ameshika simu. Koti la kuazima, na lori halijui hata linawashwaje. Luhende ndiye aliyetupanga, mimi nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea. Kosa jingine sina. Leo amenisamehe kosa alilolitunga mwenyewe, baba yangu akisikia. Siolewi."

Kanisa zima lilimgeukia Ngosha. Ngosha, kwa mazoea, akajigeuzia simu na kutabasamu.

Misa iliishaje, Kokulinda hakumbuki. Nje, baba yake alimkuta amesimama kwenye kivuli cha mnara wa kengele. Mzee akasugua kofia yake kwanza.

"Ulinijibu nilipokuuliza," alisema mwishowe, "nami sikusahihisha. Nilitia alama tu. Nisamehe, mwanangu." Akamshika mkono kama alivyokuwa akimvusha barabara zamani.

Hapo ndipo Luhende alipotokea mbio, tai imepinda, jasho linamtoka. Moyo wa Kokulinda, tusimcheke, uliruka kidogo. Kama angesema neno moja tu la maana, sijui kisa hiki kingeishia wapi.

"Koku! Ngosha alikuwa laivu! Laki mbili ndani ya nusu saa, hata 'Mapanki' haikukimbia hivi!" Akamsogezea simu mdomoni. "Ila pale mwisho spika zilikoroma. Lile neno la mwisho halikutoka vizuri. Lirudie hapa, taratibu, nitalitumia kufungulia wimbo."

Mzee Kashaija alitaka kusema kitu. Kokulinda akambonyeza mkono. Aliinama karibu na simu, karibu kabisa, kama anavyowaelekeza wazee wasiosikia vizuri pale dukani.

"Siolewi, Luhende."

"Safi!" Luhende akainua dole gumba. Akaweka simu sikioni, akalisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akalirudisha, akalisikiliza tena akipigapiga mguu kutafuta mdundo. Mara ya tatu mguu ukasimama. Aliinua macho kumtafuta Kokulinda, lakini baba na binti walishavuka geti.