Ujumbe wa Mama Aneth

Jumapili ile asubuhi, siku moja baada ya Yanga kuifunga Simba, Faith alimpelekea mumewe chai uani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Aneth ameniomba nikuambie. Huo mchezo wenu wa toroli uacheni. Ignas bado hajapona vizuri ule mshono wa ngiri, na mwenyewe hawezi kukuambia. Anaona aibu."

Chediel alikuwa ameshavaa jezi yake ya njano. "Nimesikia," akasema.

Na kweli alikuwa amesikia. Lakini yeye na rafiki yake Ignas, mume wa Mama Aneth, waliahidiana mbele ya watu wa soko zima la Mtinko kwamba ambaye timu yake ingefungwa angemsukuma mwenzake kwenye toroli kutoka sokoni hadi kanisani. Mwaka juzi Chediel ndiye aliyesukuma, na Ignas alikaa humo kama chifu, anapunga mkono. Tangu hapo watoto wa shule walimwita Chediel Punda. Leo ilikuwa zamu yake ya kucheka.

Ignas alifika saa nne, kavaa jezi nyekundu, anatabasamu. Watu wakajaa, mavuvuzela yakalia. Chediel alipanda torolini akamtazama rafiki yake usoni, akingoja aseme neno. Ignas naye akamtazama, kana kwamba anangoja vilevile.

"Twende, bwana," Chediel akasema.

Kwenye kilima cha kuingia kanisani Ignas alisimama. Jasho lilimchuruzika, mkono mmoja kauweka chini ya tumbo. Watu wakamzomea. Chediel angeweza kushuka pale pale na mambo yakaishia kwenye kicheko. Badala yake akapiga ubavu wa toroli kwa kiganja. "Sukuma, Simba. Bado hujafika."

Ignas alisukuma hatua kama kumi, akapiga magoti, kisha akalala ubavu kwenye vumbi.

Mshono ulikuwa umefumuka kwa ndani. Alipasuliwa tena, akalazwa siku kumi na mbili, na daktari akamkataza jembe msimu mzima. Chediel alipokwenda kumwona, Ignas alimkaribisha kama siku zote.

"Usijisumbue," akamwambia. "Nilijitakia. Wewe hukujua."

Chediel aliangalia sakafu. Hakumsahihisha.

Mvua zilipoanza, alilima shamba la alizeti la Ignas kabla ya kugusa lake. Majirani walimsifu kwamba huo ndio urafiki. Kisha akagundua kwamba Faith siku hizi anachota maji kwenye kisima cha mbali, peke yake.

"Mbona huendi na Mama Aneth?" akamuuliza.

Faith aliendelea kupepeta mtama. "Hanisalimii tangu siku ile. Aliniuliza kama nilikufikishia ujumbe wake. Nikamwambia nilisahau."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Ningemwambia nini, Baba Marko? Kwamba ulijua?"

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Chediel. Karibu miezi miwili mkewe alikuwa amebeba lawama isiyo yake, na yeye akipokea sifa zisizo zake.

Asubuhi iliyofuata akaenda. Mama Aneth alikuwa uani anachambua mboga.

"Karibu, shemeji. Ignas katoka kidogo."

"Nimekuja kwako." Hakukaa. "Faith hakusahau. Aliniambia asubuhi ile, na chai ikiwa mkononi. Nilisikia, na nikapanda toroli. Ignas aliposimama kilimani nilijua kwa nini amesimama."

Mama Aneth aliacha mboga. Alitazama upande wa shambani, kwenye matuta yaliyonyooka ambayo Chediel aliyalima.

"Kumbe ndiyo maana unalima," akasema.

"Ndiyo."

"Palizi utaimaliza," Mama Aneth akasema. "Ila chakula cha mchana utakula kwako. Na Ignas utamwambia mwenyewe, leo. Mimi sitakusaidia."

Akanawa mikono, akajitanda khanga, akashika njia ya kwenda kwa Faith. Chediel alibaki amesimama uani kwa watu, anangoja mwenye nyumba arudi.