Tepe Tatu za Sajini

"Lete koti! Lete koti la mume wangu sasa hivi, kabla sijalibeba pamoja na hicho kicherehani chako!"

"Koti halijaisha, dada! Bega moja bado limefumuka. Ukitaka atembee kama kuku aliyevunjika bawa, haya, chukua!"

"Afadhali bega lililofumuka kuliko mdomo uliofumuka!"

Watu wakaangua kicheko. Asubuhi ile baraza yangu ilikuwa imejaa kama mwenye nyumba anaoza binti. Waliokuwa wanakwenda sokoni walitua vikapu, waliokuwa wanafua walikuja na mapovu mikononi. Hata mimi ningecheka, maana neno lilikuwa tamu, ila lilikuwa limenipata mimi.

Aliyekuwa ananifokea ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mzee mstaafu wa jeshi ambaye mtaa mzima tunamwita Kapteni. Miaka kumi na tano tumeazimana chumvi, ungo na siri. Siku hiyo aliniita "wewe mwanamke", nikajua pameharibika.

"Mimi nimesema kweli tu," nikajitetea, mkono kiunoni. "Kapteni huvaa nyota tatu begani. Mumeo kaniletea tepe tatu za kushona mkononi, na tepe tatu ni za sajini. Sasa aliyeudanganya mtaa ni nani, mimi au yeye?"

Hapo akashusha sauti. Laiti angeendelea kupiga kelele.

"Huo ukapteni alipewa na nani? Siku tunashusha vitanda hapa, nani alisimama kwenye ngazi hii hii akaita 'Karibu, Kapteni!' hata jina lake hajalijua? Akakwambia, mama, mimi si kapteni. Ukamjibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwona ana mgongo ulionyooka na suruali yenye mkunjo wa kukata nyanya, nikampa cheo. Alipokataa nikamjibu, watu wakicheka, "Wakubwa wote husema hivyo!" Alikataa mara ya pili, na ya tatu, tukasifu unyenyekevu wake. Mwishowe akachoka, akaanza kuitikia.

"Limalize hilo koti," mkewe akasema. "Jumamosi si mbali." Akaondoka, na watazamaji wakanigeukia mimi kama waliokatiwa filamu.

Jumamosi binti yao alikuwa anahitimu chuo cha maafisa wa jeshi. Siku hiyo mzazi huitwa mbele, akambandika mwanawe nyota ya kwanza begani, na mzazi aliyewahi kuwa askari huruhusiwa kuvaa koti lake la gwaride. Ndiyo maana Jumatatu mzee aliniletea lake, limefungwa ndani ya shuka safi, na tepe zimeviringishwa kwenye gazeti.

"Fundi, zishone mahali pake," aliniambia, basi. Hakunong'ona wala hakuangalia nyuma. Aliniamini.

Na mimi nina jicho. Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye karakana ya sare, nikishonea bendi, walinzi na askari. Nilipolikunjua koti nikaona mikononi alama za tepe za zamani. Pale jua halikupiga, kitambaa bado kilikuwa cheusi. Nyuzi zake hazikufumuliwa, zilikatwa. Fundi hufumua, kinachokata ni wembe. Kule karakana tulikuwa tukisimuliana kwamba askari anayevuliwa cheo hukatwa tepe kwa wembe mbele ya wenzake. Basi nikaunga hili na lile, nikajiona nina akili.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Lakini mtu mwenyewe ni Redio, muuza mkaa, ambaye hajawahi kulala na neno tumboni. Kutoka kwangu liliondoka "nadhani alivuliwa". Lilipofika kwa kinyozi lilikuwa limenenepa: alivuliwa kwa kuiba mafuta ya magari ya jeshi.

Jumatano mzee alikwenda kunyolewa ndevu. Kinyozi, wembe mkononi, akamuuliza mbele ya benchi zima la wateja, "Afande, hivi zilikuwa lita ngapi?" Benchi likacheka. Mzee akasimama, akavua kitambaa shingoni, akakikunja vizuri akakiweka kitini, akarudi kwake amenyolewa shavu moja, la pili limejaa povu. Alipita mbele ya baraza yangu hivyo hivyo. Akanisalimia.

Alhamisi ndiyo mkewe akaja.

Koti nililimaliza jioni hiyo. Tepe nilizishona kwa mkono, si kwa mashine, ncha ya V ikilala katikati kabisa ya mkono. Nikang'arisha vifungo vya shaba kimoja kimoja, nikasuka upya kishada cha kamba ya dhahabu ya begani kilichokuwa kimechanguka. Nikalipeleka mwenyewe.

Mzee alikuwa sebuleni, nusu ya ndevu bado ipo. Mezani mbele yake palikuwa na mto wa kulalia uliojaa vitundu, na kifungo kimoja cha koti kimefungwa pini.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Kaa, fundi."

"Ule wembe... mimi nilidhani..."

"Karani wa stoo," akasema. "Siku ya kustaafu unarudisha vya serikali; koti unaachiwa, tepe zinabaki stoo. Tulikuwa foleni ya watu arobaini na jua la saa saba. Atapata wapi muda wa kufumua? Anapitisha wembe, anasema, anayefuata!" Akatabasamu kidogo. "Nilitokwa na machozi, sikatai. Lakini sijaiba hata msumari."

Nikautazama ule mto. Mkewe akanijibu bila kuulizwa, akiwa mlangoni: "Mikono yake inatetemeka siku hizi. Mwezi mzima anabandika hicho kifungo kwenye mto kama ndiyo nyota, anabandua, anabandika tena. Anaogopa asije akamchoma mtoto."

Nilitamani sakafu inimeze na ushungi wangu.

"Unajua, fundi," mzee akaendelea, "afisa mpya, mtu wa kwanza kumpigia saluti ni sajini. Kapteni hampigii luteni mpya. Luteni ndiye anayempigia yeye. Mimi nilikuwa na bahati. Nimbandike nyota, nirudi hatua tatu, halafu niwe wa kwanza duniani kumpigia saluti mwanangu. Hiyo kapteni hawezi kuipata."

"Basi nenda, Mzee! Koti hilo, limekamilika!"

"Niende na jina gani? Mtaa huu peke yake una watoto wawili kwenye gwaride lile, na wazazi wao wameshasikia. Neno moja likimfikia mkubwa wake, kwamba huyu ni binti wa mwizi wa mafuta, mtoto ataanza kazi na doa langu. Bora aanze bila mimi."

Ijumaa sikugusa cherehani. Nilizunguka mlango kwa mlango, mimi niliyezoea kuingia na habari, sasa nimeingia kuifuta. "Nilikosea," nilimwambia kinyozi. "Hakuiba, hakuvuliwa." Kinyozi akanikonyeza: "Aa, mama, ujirani mwema huo, nimekuelewa." Nikamwendea Redio, nikamsihi aitangaze hiyo kama alivyoitangaza ile. Akanisikiliza hadi mwisho, akapima mkaa wa mteja wake. Nami naapa, hilo ndilo neno la kwanza maishani mwake alilolala nalo.

Jumamosi asubuhi gari lilikuja kuwachukua. Niliona kwa macho yangu: mzee alitokea kizingitini amevaa kamili, kofia, glovu nyeupe, nishani kifuani, kamba ya dhahabu begani, tepe tatu mikononi. Ndevu amenyoa mwenyewe. Mkewe alikuwa ameshashika mlango wa gari. Moyo wangu ukasema, anakwenda, anakwenda.

Benchi la kinyozi likainua vichwa. Mmoja tu alikohoa. Mzee akawatazama, akashika ncha ya kofia kana kwamba anaiweka sawa, akageuka, akarudi ndani na kufunga mlango taratibu. Mkewe akasubiri kidogo, kisha akaenda peke yake.

Walirudi alasiri, mama na binti. Binti alishuka amependeza hata vigelegele vikatoka vyenyewe. Baba yake alimpokea mlangoni akiwa na shati tu. Koti ameshalivua, kofia hana, na bila kofia askari hapigi saluti. Niliona mkono wake wa kulia ukiinuka, ukaishia kifuani, ukashuka, akampa mkono wa hongera.

"Hongera, afande."

"Asante, baba. Nilibandikwa na mkuu wa chuo. Nikasema baba anaumwa."

Nyota ilikuwa imekaa upande, imesogelea shingo. Hata kutoka barazani kwangu niliona. Mzee naye aliona. Akaigusa kwa kidole.

"Iweke sawa, baba."

"Hapana, mama. Ameshakubandika mkubwa wako."

Nyumba ikajaa. Waliocheka na wasiocheka wote walikuja, kinyozi akiwa mbele, Redio nyuma yake. Siku nyingine ningekuwa jikoni tangu alfajiri, nimeshika mwiko mkononi na stori tatu mdomoni. Siku hiyo nilikaa barazani nikikanyaga cherehani, bila uzi.

Kivuli kikaangukia meza yangu. Nikainua macho, mzee.

"Fundi, lile koti uliling'arisha sana. Mshono hauonekani kabisa."

"Mzee, mimi..."

"Watu wameshaanza kula," akasema. "Mke wangu amekuwekea sahani. Ingia ule."