Picha ya Kumzuia Nyanya Mdogo Asije Kuzika

Picha niliyompiga nyanya wiki iliyopita ilinipa aibu ya mwaka. Chumba chake kina giza hata saa sita mchana, nami nikamwelekezea flashi usoni moja kwa moja. Akatoka mweupe pe, macho yamemtoka, na nyuma yake kivuli cheusi kama mtu anayemsubiri. Mjomba, bila kumuuliza yeyote, akaituma kwa simu kwa nyanya mdogo, mdogo wake nyanya. Sasa nyanya mdogo, ambaye magoti yake yaligoma siku nyingi, alikuwa ameshafunga mzigo. Kesho alfajiri apande basi, siku mbili njiani, amuwahi dada yake kabla hajakata roho.

"Nimemwambia mimi mzima," nyanya alisema. "Ananijibu, 'Usijikaze, dada, nimeiona picha.'"

Basi nikarudi na kamera. Safari hii nilijua kosa langu: mwanga haupelekwi usoni, unagongeshwa kwingine kwanza, urudi umepoa. Juu hakukufaa, ni mabati yaliyoiva moshi. Nikageuza kichwa cha flashi kikatazama ukuta wa pembeni, nikapiga, tukainama watatu, mimi, nyanya na mjomba, kwenye kioo cha kamera.

Nyanya alikuwa wa kijani.

"Tukituma hii," mjomba alisema, "atakuja na sanda kabisa."

"Ukuta wako huo," nyanya akamwambia. "Nilitaka nyeupe, ukaniletea rangi iliyobaki kazini kwako."

Kweli, mwanga hubeba rangi ya kila unachokigusa. Nikatandua shuka jeupe kitandani, nikamsimamisha mjomba upande wa dirisha, alishike juu kwa mikono miwili. Flashi nikaielekeza kwenye shuka, nikaipunguza nguvu. Kamera nikaiacha ifumbue jicho muda zaidi kidogo, ili na kale kamwanga ka dirishani kapate kuingia.

"Mikono inaniuma," mjomba alilalamika nyuma ya shuka.

"Ile ya kutuma picha ilikuwa haiumi?" nyanya akamuuliza, kisha akacheka mwenyewe. Nikabonyeza hapo hapo.

Alikuwa yeye hasa. Mikunjo yote mahali pake, shavu moja lina nuru, la pili lina kivuli laini, utadhani dirisha ndilo lililofanya kazi yote. Nikaihamishia kwenye simu, nikaituma mwenyewe.

Sauti ya nyanya mdogo ikarudi hata mjomba hajamaliza kukunja shuka.

"Huyo sasa ndiye dada yangu. Nafungua mzigo, Mungu awabariki. Ila hilo sweta alilovaa ni langu. Si aliniambia limeliwa na panya? Basi huyo panya akija huku, aje nalo."

Nyanya alilitazama sweta, akafunga kifungo cha juu kilichokuwa wazi.

"Mwambie," akaniambia, "picha za siku hizi zina uongo mwingi."