Kontere ya Ismaili

Kontena la Ismaili lilisubiriwa Kasingirima, mtaa wa Ujiji, miezi saba, na halikuwahi kuwepo.

Kosa halikuwa lake. Mwaka tisini na sita, vita vilipomtoa Uvira yeye na mkewe Mwanvua, walishuka mtumbwini pale Kibirizi wakaulizwa wamekuja na nini. Mwenzao mmoja alikuwa na godoro, mwingine jogoo kwapani. Ismaili akajibu kwa lafudhi ya kwao, "Mimi niko na kontere." Watu wa Kigoma wakasikia kontena. Jua halijatua, Ujiji nzima inajua kuna Mkongo ana kontena linakuja nyuma, na Mzee Pastory, mstaafu wa reli, akampa chumba cha uani bila hata kumuuliza kodi atalipa lini.

Kontere yenyewe ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya furushi la kitenge. Ilikuwa ile sahani ya mbele ya dereva yenye mshale wa spidi, geji ya mafuta na namba za kilomita. Kwetu ni dashibodi, basi. Kwao waliipokea kwa Kifaransa wakaiita hivyo. Ilitoka kwenye teksi yake, Pijo 504, aliyoiendesha miaka kumi na minne. Siku ya kukimbia barabara zilikuwa zimefungwa, gari halina pa kupita, akachomoa kontere akakimbilia ziwani. Baadaye msafiri mmoja alimletea habari kwamba gari limeonekana likibeba askari, tena kwa kasi.

"Ungechukua rota!" Mzee Pastory alifoka siku alipoonyeshwa kontena lake. Hasira zilikuwa nusu za rota, nusu za miezi saba. "Gari bila rota haliwaki. Bila spidi mita linakwenda hata kuzimu!"

"Rota iko ya gari, mzee," Ismaili akajibu. "Kontere iko yangu."

Ukweli ni kwamba kulikuwa na nadhiri. Kontere ile ilikuwa na namba tano tu, kwa hiyo ikishafika 99,999 inageuka sifuri tupu na kuanza upya. Ismaili alikuwa amewaahidi madereva wenzake wa Uvira: siku ya masifuri atachinja mbuzi pale pale stendi, wale mpaka washindwe kushika usukani. Vita vilipoingia ilisoma 99,979. Zilibaki kilomita ishirini na moja. Mtu amekwenda safari yote ile, halafu anakatwa mlangoni! Alikuwa amejiapiza kwamba zile ishirini na moja hazitatembea popote isipokuwa Uvira, na kila Ijumaa aliitoa kontere chini ya kitanda, akaifuta kioo, akairudisha.

Sasa, Mzee Pastory naye alikuwa na Pijo 504. Alikuwa nayo, lakini mkewe hakuwa nayo. Mama Frida aliapa hatapanda tena tangu siku mumewe alipoiingiza kwenye shamba la muhogo la watu. Mvua ilikuwa imeingia kwenye dashibodi, panya wakamalizia nyaya, na mshale wa spidi ukaganda kwenye mia na kumi. Gari limeegeshwa uani, kuku wamelala juu ya boneti, mshale unasema mia na kumi.

"Mimi siolewi na mtu asiyejua anakwenda mbio kiasi gani," alisema Mama Frida, aliyekuwa ameolewa naye miaka thelathini.

Na Jumamosi ile binti yao Regina alikuwa anaolewa kanisani Kigoma mjini. Mama Frida alitangaza kwamba mshale usipotembea atakwenda kwa miguu, na viatu vya harusi kichwani. Mzee Pastory alikonda. Kufika kwenye harusi ya bintiye peke yake, kiti cha pembeni kitupu, ilikuwa aibu asiyoweza kuimeza. Alhamisi akaja mlangoni kwa Ismaili, kofia mkononi.

"Niazime kontere tu. Jumatatu unaitoa."

Ismaili akakataa. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa, na mzee akavaa kofia yake akarudi.

Mwanvua hakumgombeza. Alimwekea mbele sahani ya ugali wa muhogo na mgebuka. "Hii imetoka kwa Mama Frida," alisema. "Ya jana pia. Na siku alipojua kama kontena haiko, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta chakula vilevile."

Ismaili alikula matonge matatu, akaisogeza sahani. Akachukua kidaftari akapiga hesabu. Kasingirima mpaka kanisani ni kilomita sita. Kwenda na kurudi kumi na mbili. Moja ya kujaribu. Jumla kumi na tatu, na zinabaki nane za kwenda nazo kwao. Nane zinatosha masifuri kutokea Uvira. Akavuta furushi.

Kazi waliifanyia uani Ijumaa asubuhi. Ismaili alichomoa kwanza waya wa betri, maana nyaya za dashibodi zikigusana na moto upo, utaunguza usichokijua. Akafungua skrubu, akaivuta sahani ya zamani kidogo kidogo mpaka mkono ukapita nyuma, akaifungua kebo ya spidi kwa vidole. Kila waya alioutoa aliufunga uzi wa rangi yake, rangi aliyoifunga pia mahali pake kwenye sahani mpya. Mzee Pastory alishika taa, na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Hapa pameandikwa EAU. Ni nini?"

"Maji, mzee."

"Na HUILE?"

"Oili."

"Kumbe Kifaransa si kigumu."

Walipowasha, taa zote zilitii. Walipokwenda mpaka msikitini kujaribu, mshale haukusogea hata punje. Ismaili akarudi chini ya usukani akakuta kebo haijazama kwenye tundu lake. Akaisukuma ikaingia, akakaza. Safari ya pili mshale ukainuka taratibu: kumi, ishirini, thelathini. Na ile namba ya mwisho ikajikunja, tisa ikaenda zake, ikaja sifuri. 99,980. Ismaili aliitazama kama mtu aliyegawa kitu kisichokuwa cha kugawa.

Jumamosi alfajiri alimchinjia Mzee Pastory mbuzi wa harusi. Pastory ni Mkristo, lakini wageni ni wa dini zote, na nyama ya shughuli Kigoma huchinjwa na Mwislamu ili kila mkono uingie sahanini. Ismaili akanawa, akavaa, wakaondoka: Mzee Pastory kwenye usukani, Mama Frida kiti cha mbele na viatu miguuni, Ismaili na Mwanvua nyuma.

"Arobaini, isizidi," Mama Frida aliagiza. Macho yake hayakutoka kwenye mshale. "Thelathini na tano. Thelathini na nane. Pastory! Thelathini na tisa!" Baiskeli moja iliwapita pale Mwanga. Hakujali. Alikuwa anacheka.

Kanisani namba zilisoma 99,986. Hesabu imekaa sawa. Ismaili aliimba hata nyimbo asizozijua.

Lakini harusi ya Kigoma haitoki kanisani ikaenda nyumbani. Msafara wa magari ulipiga honi ukageukia Kibirizi, ili wauza dagaa wamwone bibi harusi. Kwenda nne, kurudi nne. Ismaili alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Nane zake zote.

"Mzee, sisi turudi tu nyumbani," alisema.

"Mama wa bibi harusi akimbie msafara?" Mama Frida aligeuka, akamwita mwanangu kwa Kiha. "Watu waseme nini, mwana wanje?"

Kibirizi wachukuzi walilizunguka gari wakipiga vigelegele. Mzee Pastory, Mama Frida na Mwanvua walishuka kucheza. Ismaili akabaki. Alihamia mbele, akainama chini ya usukani, mkono ukaifikia kebo. Mizunguko mitatu ya vidole tu, kebo inatoka, namba zinalala palepale, na hakuna atakayejua ila mshale.

Alitazama nje. Pale ndipo mtumbwi wao ulipogusa mchanga. Mama Frida alikuwa anacheza na viatu mkononi, na mumewe anamzunguka kama kijana wa miaka ishirini. Akirudi akaukuta mshale umekufa, atashuka. Atarudi Kasingirima kwa miguu siku ya harusi ya mwanawe.

Ismaili akatoa mkono.

Njia ya kurudi alizihesabu namba moja moja. Nyumba za Ujiji zilipoanza kuonekana, namba zikasimama kwenye 99,999.

"Simama!" alipiga kelele. Mzee Pastory akafunga breki, Mama Frida akaita watakatifu. "Mzee, shikamoo tena. Naomba niendeshe hii moja."

Mzee Pastory alimtazama kwenye kioo, akashuka akamwachia usukani. Ismaili alifungua kwa mazoea mlango wa kushoto, ambako kwao ndiko uliko usukani, akamkuta Mama Frida. Akazunguka. Aliendesha kilomita ile polepole, ishirini kwa saa, machozi yanamtoka wala hayafuti. Aliwaza wenzake wa stendi, wangapi wako hai. Mbele ya lango la Mzee Pastory tisa zote tano zikajikunja pamoja.

00000.

"Imeharibika!" Mama Frida alishika kifua. "Inasema hatujakwenda popote!"

"Haijaharibika, mama." Ismaili aligusa kioo cha kontere. "Ila nilikuwa nimeahidi mbuzi. Uvira. Siku ya masifuri nichinje mbuzi, watu wale."

Uani moshi wa pilau ulikuwa unapanda, watu wamekwisha kukaa kwenye mikeka, sahani zinapita. Mwanvua aliegemea mbele kutoka kiti cha nyuma, akamshika mumewe bega.

"Baba," alisema, "na alfajiri ulichinja nini?"

Ismaili alitazama mikeka, akaitazama mikono yake. Kisha akazima gari, akashuka, akaenda kunawa ale na wenzake.