Takataka za Kwenye Kalavati

Masika ilipiga Lukozi siku mbili mfululizo, na maji yakakataa njia yake. Yaliruka barabara, yakaingia shamba la Shadya, yakazoa kabichi zilizobakiza wiki moja kukatwa. Shadya ni mjane, na kabichi zile ndizo zilikuwa mwaka wake mzima.

Watu wakatazama juu, wakaona matuta ya mzee Sefania yamemeguka pembeni. Basi, mkosaji akapatikana.

Marta alijua mkosaji si mzee. Alijua, akanyamaza.

Halmashauri ilikuwa imekipa kikundi chake cha akina mama fedha za kusafisha mitaro, kupanda maua barabarani na majani ya kushika udongo. Zamani kazi hiyo ilikuwa msaragambo: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Lilipotundikwa bango la mradi, watu wakakaa vibarazani wakisema, "Wenye mradi fagieni!" Martin wa bodaboda akarusha chupa mtaroni mbele yao. "Nisipotupa, shangazi, si mtakosa kazi?"

Wakabaki wanawake sita, Marta na Eliza katibu wake wakiwemo. Siku wakaguzi wa halmashauri walipopiga simu kwamba wako Mombo, wanapandisha mlima, mtaro ulikuwa bado umejaa viroba na majani ya kabichi. Marta akatamka neno linalomchoma hadi leo: "Sukumieni kwenye kalavati. Wakiondoka tutatoa."

Wakasukuma. Mdomoni pa kalavati, pale maji yanapoingia kupita chini ya barabara, wakapanga miche ya maua. Wageni wakapiga picha, wakasifu, wakaondoka. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa mvua.

Kwenye mkutano wa kijiji Omari, aliyeuongoza, alisema mzee Sefania amkatie Shadya kipande cha shamba alime. Mzee akasimama taratibu.

"Majani ya matuta nimepanda tangu ujana wangu. Ila macho yamechoka, huenda pana mahali nimeacha wazi. Kama ni mimi, Shadya mwanangu, nisamehe."

Afadhali angebisha! Marta akainuka. Eliza akamvuta kanga.

"Kaa chini, Mama Yunis. Mzee mwenyewe kakubali. Unataka mradi ufe?"

"Niachie." Marta akamgeukia mzee Sefania. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Matuta yako hayana kosa. Takataka tulizishindilia kwenye kalavati ili wakaguzi wasizione, maji yakakosa pa kupita. Mimi ndiye niliyesema."

Martin akacheka. "Kumbe yale maua yalikuwa kifuniko cha chungu!"

"Na chupa zako zimo humo humo, Martin," mzee Sefania akasema. Kicheko kikafa.

Shadya akamgeukia Marta. "Ulikuja kunipa pole mara mbili. Ukanywa na chai yangu."

Marta akasema kipande kitoke kwake, kile cha bondeni karibu na maji, na Omari akakubali. Mradi ukasimamishwa. Wale wanawake wanne wengine, ambao walitii tu, wakapoteza pamoja naye.

Mama mwenzangu, fedha ya umma ikikufikia mkononi, usiifanyie kazi ya kuonekana. Aibu ya mtaro mchafu huisha kwa ufagio. Hii nyingine, ya kuficha, ufagio wake hauuzwi dukani.

Siku hizi Shadya analima bondeni. Marta akipita humwambia, "Pole na kazi." Shadya hujibu, "Asante," na jembe lake halisimami.